Dansi Uzaramoni: Habari za Kujifunza Mchezo wa Ukumbini Kisarawe na Kibaha

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda bara hana budi kupita katika nchi ya Wazaramo. Akifuata njia ya Pugu hupanda vilima na kufika Kisarawe. Akishika barabara ya Morogoro hufika Kibaha, kisha Mlandizi na Ruvu. Na akipanda gari la moshi, ambalo reli yake ilifika Morogoro mwaka 1907, hupita Pugu, Soga na Ruvu kabla ya kuiacha pwani nyuma. Leo Kisarawe ni wilaya, Kibaha ni makao ya Mkoa wa Pwani, na Pugu imo ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam. Zamani za utawala wa Waingereza mipaka ilikuwa mingine, lakini mwendo wa watu ulikuwa huu huu: kushuka mjini kutafuta kazi, na kurudi shambani wakati wa kupanda na kuvuna. Mambo mengi yalisafiri katika njia hizo pamoja na mihogo, mkaa na nazi. Mojawapo lilikuwa dansi.

Neno dansi katika Kiswahili cha siku zile halikuwa na maana ya kila mchezo. Ngoma ilikuwa ngoma, na beni ilikuwa beni. Dansi ilikuwa mchezo wa ukumbini, wa mwanamume na mwanamke walioshikana, unaochezwa kwa santuri au kwa bendi yenye ala za Kizungu, kwa tiketi mlangoni. Ndani yake mlikuwa na walzi, fokstroti, kwikistepu na tango. Baadaye zikaja rumba na chacha. Walioandika habari za mchezo huu wameandika zaidi juu ya bendi na waimbaji, na haki yao hao kuandikwa. Lakini bendi haipigi peke yake. Mbele yake palikuwa na mtu wa kujipendea, asiyelipwa kwa kucheza bali alipaye yeye, ambaye kabla ya kusimama sakafuni usiku mmoja alikuwa amekwisha kuhangaika siku nyingi na miguu yake mwenyewe. Habari hizi ni zake.

Mchezaji huyo aliwahi kutajwa mahali pakubwa. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo alisema kwamba wengi wamejifunza rumba, chacha, twisti, hata walzi na fokstroti. Akauliza ni wangapi wawezao kucheza, au waliopata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Wala hakunyoosha kidole kwa watu wengine. Alijitia yeye mwenyewe katika hesabu ya wale wengi. Naye hakuwa mgeni wa nchi inayozungumzwa hapa. Hadi mwaka 1955 alikuwa mwalimu katika chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, akishuka mjini kwa kazi ya siasa na kupanda tena vilima kwenda kufundisha. Yamkini hapakuwa na njia nyingine nchini iliyopitwa na suti nyingi za dansi na fikira nyingi za siasa kwa pamoja kama ile.

Swali lake lilikuwa zito, na halijapoteza uzito. Walakini lilichukulia kuwa mtu aliyejifunza fokstroti amejifunza cha mgeni mahali pa cha kwao. Kwa Uzaramo jambo hilo lahitaji kuangaliwa kwa makini, maana aliyekwenda kujifunza dansi hakutoka katika nyumba isiyo na mchezo.

Mzaramo alilelewa ndani ya ngoma. Mdundiko, ngoma yao mashuhuri, hautulii mahali pamoja. Hutembea njiani na kukusanya watu, na mtoto aliyetumwa chumvi anaweza kuufuata mpaka akajikuta mtaa asioujua. Hapo hafundishwi mtu. Aingiaye huingia, akaiga mguu wa aliye mbele yake, na kosa lake humezwa na vumbi la wengi. Msichana, kwa upande wake, alifundishwa, tena kwa bidii. Alipovunja ungo aliwekwa ndani awe mwali, zamani kwa miezi mingi, hata miaka. Mambo ya utu uzima alifundishwa na wanawake wazima, na kucheza kulikuwa sehemu ya mafundisho hayo: namna ya kulegeza kiuno, namna ya kutuliza mabega, namna ya kuufanya mwili useme jambo ambalo mdomo haupaswi kulisema. Siku ya kutolewa alitazamwa na ndugu na jirani, na uchezaji wake ulipimwa na macho yaliyokuwa na ujuzi. Basi ikiwa maana ya mwanafunzi wa mchezo ni mtu aliyekaa chini ya mwalimu, akafanyishwa mazoezi na kutahiniwa mbele ya watu, mwanamke wa Kisarawe alikuwa amekwisha kuhitimu kabla santuri ya kwanza haijafika kijijini kwake.

Wamisheni wa Kilutheri walikuwa Kisarawe na Maneromango tangu miaka ya 1890. Mwaka 1925 chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya U.M.C.A. kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, kikaletwa Minaki, karibu na Kisarawe. Baadaye Wakatoliki wakawa na chuo chao Pugu. Hapana hata mmoja wa wakuu wa vyuo hivi aliyekusudia kuzaa wacheza dansi. Hata hivyo vyuo vilimpa kijana vitu ambavyo dansi haiwezi kwenda bila ya hivyo: viatu, kengele na saa, gwaride la kuhesabu hatua, nyimbo za sauti nne, na Kiingereza cha kutosha kusoma maandishi yaliyo juu ya santuri. Watafiti wa historia ya ngoma za pwani huelekeza chimbuko la dansi ya Waafrika katika sehemu hizi kwa vijana Wakristo wa Mombasa na Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na C.M.S. mwaka 1875. Kutoka Mombasa ilishuka Tanga, na kutoka Tanga ikafika Dar es Salaam. Makarani, walimu na maboi wa nyumba za Wazungu ndio walioipokea kwanza. Wengi katika wao walikuwa wameiona beni, yenye makundi ya Marini na Arinoti, vyeo vyake vya kijeshi na tarumbeta zake, iliyoenea nchi nzima wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 na baada yake. Beni ilikuwa ya kundi kubwa linaloandamana. Kijana wa miaka ya 1930 aliyetaka kuonekana wa kisasa aliiacha kwa wazee, akatafuta ukumbi. Dar es Salaam Jazz Band, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake mjini, huandikwa kuwa ilianzishwa mwaka 1932.

Yafaa kueleza kitu chenyewe alichokuwa akijifunza, kwa sababu watu wengi hudhani kuwa dansi ya Kizungu ilitoka Ulaya ikiwa kamili kama sheria. Sivyo. Walzi, mchezo wa wakulima wa Austria na kusini ya Ujerumani, ulipoingia katika karamu za wakubwa wa London, gazeti la The Times la mwaka 1816 liliulaani kwa sababu ya jinsi mwanamume na mwanamke wanavyokumbatiana. Maneno yake yangaliweza kusemwa na mzee yeyote wa Maneromango. Fokstroti ilizaliwa New York mwaka 1914, na wacheza mashuhuri Vernon na Irene Castle walioitangaza waliicheza kwa muziki wa James Reese Europe, Mmarekani mweusi. Kwikistepu ilitokana na fokstroti iliyochanganywa na chalestoni, nayo chalestoni ilikuwa mchezo wa weusi wa Marekani. Waingereza walichofanya ni kuvipima vitu hivi. Walimu wa dansi walikutana London mwaka 1929 wakapatana juu ya hatua na kasi. Victor Silvester, aliyeshinda mashindano ya dunia ya mwaka 1922 pamoja na Phyllis Clarke, aliandika kitabu cha mafundisho, na mwaka 1935 akaunda bendi yake ya kupiga muziki usiopunguza wala kuongeza kasi. Kwa kipimo cha siku hizi walzi huenda vipimo 30 kwa dakika moja, kila kimoja kikiwa na mapigo matatu, na kwikistepu huenda vipimo 50. Idhaa ya B.B.C. ya ng'ambo ilitangaza muziki wa Silvester kwa miaka mingi, na santuri zake ziliuzwa katika dola yote. Mtu wa mbali aliweza kujifunza kwa kasi ile ile iliyotumika London, akiwa na gramafoni, sindano na subira.

Subira ndiyo iliyokuwa adimu. Taabu ya kwanza ya mwanafunzi ilikuwa katika sikio kabla ya kuwa mguuni. Ngoma nyingi za pwani huchanganya mapigo ya matatu na ya mawili kwa wakati mmoja, na mchezaji huchagua mahali pa kuweka mguu wake kati ya ngoma mbili au tatu zinazosemezana. Katika walzi hakuna mazungumzo ya namna hiyo: moja ni zito, mbili na tatu ni nyepesi, na kila pigo lataka hatua yake. Sikio lililolelewa na ngoma huelekea kuyachukua mapigo matatu kuwa jambo moja na kukanyaga mara moja tu. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anayumba vizuri sana lakini hatoki mahali alipo. Fokstroti ina hila nyingine. Huhesabiwa pole, pole, haraka, haraka. Hatua ya pole hula mapigo mawili, ya haraka hula moja. Asiyejua huhesabu kwa mdomo, na midomo inayokwenda ukumbini ilikuwa alama ya mgeni kama vile viatu vipya.

Taabu ya pili ilikuwa ya mwili. Katika ngoma za nyumbani magoti hukunjwa kidogo, uzito hushuka chini, na kiuno ndicho kiongozi. Dansi ya Kiingereza yataka kinyume: mgongo wima, viwiko juu, kiuno kimya, na mwendo utoke pajani kwa kuteleza. Neno kuteleza ni la kuzingatiwa. Sakafu ya udongo iliyopigwa vizuri yafaa sana kwa mguu mtupu, lakini soli ya ngozi haitelezi juu yake. Husaga, ikainua vumbi. Kwa hiyo aliyejifunzia uwanjani kijijini, akaja kucheza juu ya saruji ya mjini, alijikuta ana hatua ndefu kuliko alivyodhani. Kadhalika wachezaji wote wa ukumbini huzunguka sakafu kwa upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, na atakayekwenda upande wake mwenyewe atagongana na watu. Anayetoka katika mdundiko hashangai kwamba watu wote waelekea upande mmoja. Hushangaa kwamba hawafiki popote.

Taabu ya tatu haikuwa ya ufundi tu. Sheria ya dansi ni kwamba mwanamume huongoza. Huanza kwa mguu wa kushoto akienda mbele. Mwanamke huanza kwa wa kulia akirudi nyuma, haoni aendako, hujua kwa kusukumwa kidogo na mkono ulio mgongoni mwake. Sasa afikiriwe kijana wa Kisarawe aliyepata elimu ya ngoma kwa kuokota njiani, na mbele yake msichana aliyefundishwa kucheza na wanawake wazima kwa miezi mingi. Ukumbini ndiye kijana aliyeitwa kiongozi. Mwenye elimu ndogo alimburura mwenye elimu kubwa, naye alitakiwa kukisahau kiuno alichofundishwa na kukazana kurudi nyuma asikanyagwe. Wanaume hawakupenda kulikiri jambo hili. Walisema wanawake hawajui dansi. Kwa kweli walijua mchezo mwingine, na ule mpya haukuwapa nafasi ya kuuonyesha.

Wala haikuwa rahisi kumpata huyo mwenzi. Mume na mke wa kijijini hawakushikana hadharani, licha ya mtu na asiye mkewe. Mwanamke aliyeonekana ukumbini alihesabiwa na wengi kuwa amekwisha kuacha heshima yake mlangoni pamoja na tiketi. Magazeti ya Kiswahili ya wakati huo yalichapa hoja za pande zote mbili, wengine wakisema dansi ni ustaarabu na wengine wakisema ni uharibifu wa ndoa na wa mshahara. Suala la mshahara halikuwa dogo. Suti, tai, viatu, gauni, kiingilio na kinywaji viliweza kuumeza ujira wa karani, sembuse wa kibarua wa mkonge. Walioziandika barua za lawama aghalabu walikuwa wanaume, na aghalabu walizungumza juu ya binti za watu wengine.

Mbona basi waliendelea? Jibu moja ni furaha, nalo lisidharauliwe. Walzi ikishikwa sawasawa, watu wawili wakageuka pamoja bila ya mmoja kumsukuma mwenzake, huwa ni jambo jepesi lenye utamu wake, na mtu aliyelipata mara moja hulitafuta tena. Jibu la pili ni la heshima. Katika Dar es Salaam ya ukoloni, Gymkhana na klabu nyingine za Wazungu hazikumruhusu Mwafrika kuingia ila akiwa na trei mkononi. Aliyebeba trei aliwaona wakubwa wakicheza, naye aliona pia, kama mtu yeyote mwenye macho, kwamba baadhi yao walicheza vibaya. Utawala ulisema Mwafrika bado hajastaarabika, na ustaarabu wenyewe ulipimwa kwa mambo kama haya: kuvaa, kushika kisu na uma, kumwomba bibi nafasi ya kucheza kwa adabu. Mwenye kuicheza fokstroti bila kosa alikuwa ameshika kipimo chao na kukijaza. Hakuhitaji kutoa hotuba.

Baada ya vita ya pili ya dunia serikali ilijenga nyumba za ustawi katika miji, kwanza kwa kuwafikiria askari waliorudi Burma na kwingineko. Katika Dar es Salaam ukumbi wa Arnautoglu, uliopewa jina la mfanyabiashara Mgiriki aliyeutolea fedha, na ule wa Amana huko Ilala, ikawa mahali pa dansi katika miaka ya 1950. Wakuu wa ustawi walitaka nyumba hizo zifunze kusoma, kushona na usafi. Watu walizitaka zaidi kwa siku ya Jumamosi. Palikuwa na mashindano, na waamuzi walipita kando ya sakafu wakitazama miguu. Kwa mtu wa Kisarawe au Kibaha usiku huo ulikuwa na hesabu yake nyingine. Kutoka Kibaha hadi katikati ya mji ni karibu kilomita 40, na dansi haikwisha mapema. Wazaramo, ambao utafiti wa mjini wa mwaka 1956 na 1957 uliwaona kuwa wengi kuliko kabila jingine, hawakukosa jamaa wa kulala kwake Ilala au Magomeni. Aliyefika kwa jamaa akiwa na suti ndani ya kikapu alieleweka bila ya kuulizwa.

Bendi zenyewe zilifuata nyayo za watu. Western Jazz ilikuwa na mizizi kwa watu wa magharibi ya nchi, Kilwa Jazz kwa watu wa Kilwa, na zilikuwapo za Rufiji na Ulanga; huko Morogoro Salum Abdallah alianzisha mwaka 1948 bendi iliyojulikana baadaye kwa jina la Cuban Marimba, na Morogoro Jazz ilikuwapo kabla yake. Bendi ya Morogoro iliyokwenda mjini, kwa barabara ilipita Kibaha na kwa reli ilipita Soga na Pugu.

Jina hilo la Cuba ndilo lililogeuza mambo sakafuni. Tangu mwaka 1933 kampuni ya H.M.V. ilikuwa ikiuza Afrika santuri zilizojulikana kwa herufi G.V., nazo zilijaa muziki wa Havana. Watu walioanza na walzi walizisikia, wakajua mara moja kuwa hapa pana kitu kingine. Mapigo yalisemezana tena. Kuimba kulikuwa kwa kupokezana. Kiuno, kilichonyamazishwa na fokstroti, kiliruhusiwa kurudi. Sababu haikuwa siri: wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao kutoka nchi za Kongo, walikuwa na mkono mkubwa katika kuufanyiza muziki ule. Waingereza waliipima rumba pia. Pierre, mwalimu Mfaransa wa London, alikwenda Cuba mwaka 1947 akarudi na kuwaambia wenzake kwamba walikuwa wakiicheza makosa, na ugomvi wao ulidumu miaka kadhaa. Wachezaji wa Arnautoglu hawakuungoja uamuzi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 rumba na chacha, iliyobuniwa na Enrique Jorrín wa Havana mwanzoni mwa miaka hiyo, zilikuwa zimeishinda fokstroti kwa mbali. Walzi ilibaki kama chai ya mwisho, ya kuwaridhisha wazee na waamuzi.

Hapo ndipo zamu ya mwanamke wa Kisarawe ilipofika. Katika rumba watu hushikana kwa wepesi, huachana, husimama wakitazamana; mkono wa mwanamume haumwamrishi mwanamke kila hatua. Aliyefundishwa na kungwi hakuwa tena mtu wa kurudi nyuma asikanyagwe. Wanawake wa vikundi vya ngoma vya mjini walionyesha katika jambo jingine kwamba kundi la mchezo ni kundi la watu wenye nguvu: mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba, aliwaingiza wanawake kwa wingi katika TANU kwa kupitia vikundi kama Egyptian na Al-Watan. Wanaume waliobaki wakijadili magazetini kama mwanamke afaa kuonekana ukumbini walikuwa wamechelewa.

Kwa hiyo Nyerere alipouliza swali lake mwaka 1962, rumba na fokstroti zilisimama katika orodha moja ya mambo ya kujifunza kwa wageni, ilhali moja kati yake ilikuwa imekuja kwa njia ya mzunguko kutoka Afrika yenyewe, na hata ile nyingine haikukosa damu hiyo. Hili halilibatilishi swali. Gombe sugu haikupigwa katika shule, na aliyemaliza Minaki au Pugu aliweza kuimba nyimbo za Kiingereza bila ya kujua wimbo mmoja wa wazee wa kijiji kilichopakana na shule yake. Tena serikali haikukataa kujifunza kwa mgeni. Mwaka 1963 ulianza mradi wa Denmark, Finland, Norway na Sweden huko Kibaha, wenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, ambao ulikabidhiwa kwa Tanzania mwezi wa Januari 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kilimo na tiba vya mgeni vilipokewa kwa mikono miwili; mguu wa mgeni ndio uliotiliwa shaka. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na vijana waliokuwa wakiucheza waliambiwa maneno ambayo baba zao waliyasikia juu ya fokstroti.

Bendi za dansi hazikupigwa marufuku. Zilihamia chini ya vyama, mashirika na idara. NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, ilianzishwa mwaka 1964. Kila bendi ilitafuta mtindo wake wa kucheza, wenye jina lake, na majina hayo yastahili kutazamwa. NUTA Jazz, ilipokuwa JUWATA, ilijulikana kwa mtindo wa Msondo, na msondo ni ngoma ndefu nyembamba inayopigwa katika unyago. Mlimani Park, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na wapenzi wake wakaongeza kuwa ni ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Santuri na redio zikayapeleka majina hayo mpaka Bukoba na Mtwara. Katika kumbi ambazo makarani walihesabu pole, pole, haraka, haraka, watu walikuwa sasa wameachana mikono, kila mmoja mbele ya mwenzake, magoti yamekunjwa kidogo, na wanawake waliotoka Kisarawe hawakuhitaji kufundishwa hatua ya kwanza.